Koo Kumi na Moja za Shamba la Kanduyi

Nelima alikuwa amefika mahali ambapo harufu ya kiazi ilimchafua moyo. Si kiazi kilichooza tu, maana hicho hata nguruwe hukifikiria mara mbili. Hata kile kizima, kilichooshwa kikapangwa sokoni kwa mafungu, alikiona na mdomo ukamjaa mate, yale mate mepesi ya mtu anayekaribia kutapika. Na kazi yake, masikini, ilikuwa viazi. Jumatatu hadi Ijumaa alikaa katika maabara ya kituo kimoja cha utafiti nje ya mji wa Kitale, kisu kidogo mkononi, akikwangua maganda.

Alichokuwa akikwangua ni kuvu. Wakulima wa Mlima Elgon waliiona kila msimu wala hawakuijali: vidoa vyeusi, vigumu, vimeganda kwenye kiazi kama kinyesi cha panya kilichokauka. Wenyewe walisema ni udongo. Lakini udongo ukioshwa hutoka, na vidoa hivi havikutoka hata usugue mpaka jioni. Kula kiazi chenyewe hakuna neno, unamenya na kutupa ganda. Kukipanda ndiko majuto. Shina linapata vidonda vya rangi ya kutu likiwa bado chini ya ardhi, maji yanaingia kwenye vidonda, linaanza kuoza na kunuka. Viazi vinavyozaliwa hapo vinakuja vimepinda, na vingine vinaota juu kabisa, kwapani mwa majani, vya kijani, mfano wa chunjua.

Katika maabara Nelima alivipanda vidoa hivyo juu ya rojo kwenye visahani vya kioo, akavifunika, akasubiri. Siku ya tatu nywele za kahawia zilikuwa zimeanza kutambaa. Kufikia wiki, kisahani kizima kilikuwa kimeota manyoya, na ukikifunua kinanuka tambara la deki lililosahauliwa ndooni. Aliwahi kuota kwamba manyoya hayo yamemwota ulimini. Aliamka akausugua ulimi kwa chumvi mpaka ukatoa damu, kisha akajiandaa kwenda kazini.

Mradi wenyewe ulikuwa na maana, hilo hakulikataa. Kuvu hiyo kwa macho ni moja, lakini ina koo nyingi, na kila ukoo una vinasaba vyake na tabia zake. Dawa inayoumaliza ukoo huu, ukoo ule unaioga tu. Mbegu inayostahimili kuvu ya Endebess huenda ikamalizwa na kuvu ya Cheptais. Kwa hiyo kabla ya kumshauri mkulima lolote, ilibidi ijulikane koo ziko ngapi na ziko wapi. Na namna ya kuzitambua ilikuwa rahisi. Unaweka kuvu mbili kwenye kisahani kimoja, moja huku na moja kule. Zinatambaa mpaka zinakutana katikati. Zikiwa za ukoo mmoja, nyuzi zinashikana na huoni mpaka. Zikiwa za koo tofauti, zinauana pale zinapogusana, na unabaki mstari mtupu kama njia ya siafu.

Mwaka wa 2005, kuanzia Julai hadi Septemba, Nelima na dereva wa kituo, Kibiwott, walizunguka mlimani wakati wa kuvuna. Shamba baada ya shamba, alichagua viazi vyenye vidoa, akavitia kwenye mifuko ya kaki, akaandika namba. Mashamba yalikuwa kumi na moja. Na katika yote kumi na moja lilitokea jambo ambalo mradi haukuwa umelipangia: mgeni hakuachwa aondoke mikono mitupu.

Kule Kaptama, kwa mjane mmoja aliyeitwa Chepkemei, Nelima alieleza kwa saa nzima kwamba viazi vile vina ugonjwa. Chepkemei alisikiliza vizuri sana. Aliitikia kwa kichwa kila penye kuitikia. Maelezo yalipokwisha, aliinama kwenye lundo lile lile lililotoka kusemwa vibaya, akajaza mfuko, akaufunga kwa kamba ya mgomba.

"Hii ni ya njia," alisema. "Si hata wewe unakula, mwanangu?"

Utasema nini? Ukikataa, umetema mate mlangoni mwa mtu. Nelima alipokea kwa mikono miwili, akashukuru, na alipoingia garini akaufuta mkono kwenye suruali. Alimwomba Kibiwott auchukue ule mfuko. Kibiwott akacheka akasema kwao shambani viazi vimejaa hadi ng'ombe wamevikinai. Ikawa hivyo kila walikokwenda, na kila zawadi ikaishia kwenye chumba alichopanga Nelima mtaani Tuwan, ikanuka udongo na unyevu chini ya kitanda chake, mpaka akawa analala ameelekea ukutani.

Kila mwisho wa mwezi alivitia kwenye gunia moja akavipeleka Kanduyi, huko Bungoma, kwa mama mkwe wake, Edah. Mume wake, Wangila, alikuwa na kibarua Webuye na alirudi kwa mamake Jumapili hadi Jumapili. Nelima alilitua gunia jikoni.

"Mama, hizi ni za kula."

Hakusema kwamba vimetoka mashamba yenye ugonjwa. Hakusema kwamba anavichukia, wala kwamba analileta gunia kama mtu anayetupa takataka kwa jirani. Mama Edah alifurahi. Aliwaambia wenzake wa kikundi cha wanawake kanisani kwamba mke wa mwanawe ni mtu wa utafiti, na wenzake wakamwonea wivu ule wa kistaarabu.

Mwaka uliofuata, mwezi wa saba, mkuu wa mradi akamwita. Huyu alikuwa Daktari Bramwel Khaemba, mtu wa kimo kifupi na suti safi, aliyekuwa na tabia moja iliyomtia Nelima kinyaa kuliko kuvu yenyewe: alisafisha kucha zake kwa kisu cha kukwangulia viazi, halafu akakirudisha mezani. Alikuwa pia na ekari tano zake mwenyewe za viazi upande wa barabara ya Endebess, na alizitaja kila alipopata nafasi. Safari hii alitaka sampuli za nyanda za chini, za Bungoma, azilinganishe na za mlimani.

Nelima alikuwa amechoka na matope. Akafikiri, si mama mkwe ana robo ekari ya viazi nyuma ya nyumba? Akaenda huko, akamkosa mwenyewe, jirani aitwaye Lenah akamfungulia lango. Mvua ilikuwa imenyesha juma zima. Mashina yalikuwa yamelala, meusi chini, yanateleza ukiyashika, na uvundo wake ulikuwa ule wa maji ya maua yaliyosahauliwa kaburini. Alichimba viazi thelathini huku ameziba pua kwa bega. Mbegu alidhani ni ya sokoni Chwele kama ya kila mtu. Hakuuliza. Alichotaka ni kuondoka.

Majibu yalitoka mwezi wa nane, na Daktari Khaemba nusura acheze katikati ya maabara. Kule mlimani kila shamba lilikuwa na ukoo mmoja wa kuvu, maana kila nyumba hurudia mbegu yake mwaka baada ya mwaka. Lakini kale kashamba ka Kanduyi kalikuwa na koo kumi na moja, zote zimebanana kwenye robo ekari.

"Unaona hii, Nelima? Uanuwai namna hii, koo nyingi mahali pamoja, haujaonekana upande huu wetu. Na penye koo nyingi ndipo kitu kilipoanzia. Kuvu haikushuka kutoka mlimani, bana. Ilipanda. Chimbuko lake liko Bungoma." Alikuwa akinusa kisahani wazi kama mtu anayenusa mchuzi. "Jumamosi wageni wa mradi wanakuja. Nitawapeleka huko huko shambani."

Kumi na moja. Namba hiyo ilimkaa Nelima kichwani mchana mzima kama mfupa wa samaki. Jioni wenzake walipotoka, alibaki, akafanya jambo ambalo hakuna aliyemwagiza. Alichukua kuvu za Kanduyi, moja moja, akaziweka kwenye kisahani na zile za mlimani alizozihifadhi mwaka uliopita. Ya kwanza na ya Endebess, ya pili na ya Saboti, akaendelea hivyo akijaribu na kurudia.

Siku ya nne alivifunua. Kuvu ya Kanduyi namba saba ilikuwa imekutana na kuvu ya Chepkemei wa Kaptama, na hapakuwa na mstari katikati. Zilikuwa zimeshikana, manyoya ndani ya manyoya, ndugu waliopotezana mwaka mzima. Namba mbili ilikuwa imeshikana na ya Saboti, namba kumi na ya Cheptais. Zote kumi na moja zilikuwa na kwao, na kwao ni mlimani, kwenye yale mashamba kumi na moja aliyofungiwa zawadi.

Mama mkwe hakuvila viazi vile. Alivipanda.

Nelima alikimbilia sinki akatapika. Alitapika chai, halafu maji ya manjano. Safari hii hakuwa anatapika harufu. Alikuwa anajitapika mwenyewe, pamoja na ule uvivu wake wa kutupia wengine kile asichotaka kukishika.

Asubuhi alivibeba visahani hadi ofisini kwa Daktari Khaemba akavipanga mezani. Alieleza kila kitu, na zawadi, na gunia, na "hizi ni za kula." Daktari alivitazama visahani kimoja kimoja. Hakuwa mjinga. Nelima aliona kabisa wakati alipoelewa, maana aliacha kusafisha kucha.

"Nani mwingine ameona hivi?"

"Ni mimi peke yangu, daktari."

"Basi ni kosa la maabara. Ulichanganya. Vimwage." Akavisukuma kwa ncha ya kalamu, asiviguse. "Mkataba wako unaisha Desemba, sivyo? Nimekuwekea neno zuri. Usiharibu."

"Lakini daktari, mama ana kikundi. Watamwomba mbegu."

"Hiyo ni maneno ya wanawake na jikoni zao. Sisi tunafanya sayansi." Akachukua kisu akaendelea na kidole gumba.

Nelima alikitazama kile kisu na ule uchafu mweusi uliotoka chini ya ukucha, na akajua kwamba hata akioshwa kwa dawa yote ya maabara, mtu yule hatatakata. Vile visahani hakuvimwaga. Alivifunga kwa utepe akavirudisha kwenye jokofu.

Ijumaa alishuka Kanduyi. Alipofungua lango alisimama palepale. Mama Edah alikuwa amevuna shamba lote. Vile vilivyopinda na vya kijani alikuwa amevitupa kwenye shimo la takataka nyuma ya choo, na nzi walikuwa wamelifunika lile shimo kama blanketi. Vilivyoonekana vizuri, vya ukubwa wa yai, alikuwa amevipanga barazani katika mifuko midogo ishirini na miwili, idadi ya wanawake wa kikundi. Kesho yake walikuwa wanakuja kuchukua mbegu ya kupanda mvua za vuli.

"Umekuja kunisaidia?" Mama Edah aliuliza kwa furaha. "Mkubwa wako alinipigia simu. Ati shamba yangu ni hazina. Ati wageni watakuja kuiona. Nimemwambia nimeshavuna, akasema haidhuru, wataona hata udongo."

Nelima alikaa kwenye ngazi akamweleza. Alianza na Chepkemei akamaliza na visahani. Mama Edah aliinua mkono Nelima alipofika kwenye gunia.

"Wewe uliniambia ni za kula."

"Ndiyo, mama."

"Gunia tatu mtu mmoja atakula aje? Zilianza kumea, nikasema mbegu ya watafiti haiwezi kutupwa. Kama ziko na ugonjwa, si ungeniambia?"

"Niliona aibu. Nilikuwa nazichukia tu, sikutaka zikae kwangu."

"Ukaniletea mimi."

Nelima alichukua kiazi kwenye mfuko wa kwanza, akakiloweka kwenye karai, akakisugua kwa gunzi la mahindi. Maji yakawa mekundu kwa udongo. Akabadilisha maji akasugua tena. Maji yakabaki meupe, na kwenye ganda vile vidoa vyeusi vilikuwa palepale, vinang'aa kwa kuoshwa. Akampa mama mkwe. Mama Edah alikikwaruza kwa ukucha, akanusa ukucha, akakunja uso.

"Wewe unasema ugonjwa. Mkubwa wako anasema hazina. Yeye ndiye daktari na wewe ndiye mtoto wangu. Nimsikize nani?"

"Kama watazipanda, mama, nyumba ishirini na mbili zitaoza kama hili shamba."

"Mimi ndiye nimewaita. Mimi ndiye nimejigamba." Alikirudisha kiazi mfukoni taratibu. "Wacha kesho. Nitajua mwenyewe."

Jumamosi walifika wanawake kwanza, na leso zao na vicheko vyao, kisha gari la kituo, Kibiwott akiwa kwenye usukani. Daktari Khaemba alishuka na mgeni mmoja tu, mwanamke mrefu aliyejitambulisha kuwa Jepchirchir, msimamizi wa fedha za mradi kutoka Nairobi. Walitembezwa shambani. Daktari aliinama, akachota udongo, akauvunja mkononi, akasema maneno mengi. Kisha akarudi barazani akawageukia wanawake.

"Mama zangu, hapa mna kitu ambacho dunia haina. Shamba hili limebeba siri ya miaka mingi. Ninyi mnaona viazi, mimi naona hazina."

Wanawake walipiga makofi. Dinah, mweka hazina wa kikundi, alikuwa ameshika mfuko wake tangu alipofika na sasa aliukumbatia kifuani. Nelima alisimama kando ya karai, mdomo umejaa yale mate. Alitaka kupaza sauti. Lakini atapaza sauti gani mbele ya baraza la mama mkwe, juu ya wageni wa mama mkwe, na mwenye nyumba mwenyewe amenyamaza? Akamtazama Mama Edah. Mama Edah hakumtazama.

Chai ikanywewa, na mkate, na mayai. Daktari akatazama saa yake, akasema barabara inawaita. Wote wakasimama. Hapo Mama Edah akaingia ndani, akatoka na mfuko wa ishirini na tatu, mkubwa kuliko wote, mpya, umefungwa kwa utepe. Aliuleta kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo.

"Daktari, hii ni ya njia."

"Asante sana, mama. Asante. Lakini wape hawa mama kwanza, sisi tutakuja siku nyingine."

Wanawake walicheka, wakidhani ni adabu. Mama Edah hakucheka.

"Hawa wako na yao. Hii ni yako. Si uko na ekari tano kule Endebess? Mtoto wangu aliniambia. Panda huko. Hazina haiwezi kukaa kwa maskini peke yake."

"Mama, gari limejaa."

Kibiwott, aliyekuwa ameegemea mlango, alitazama kiti cha nyuma. Kilikuwa kitupu kabisa, na hakuna aliyehitaji kuambiwa.

Mama Edah alipiga hatua moja mbele. Mfuko sasa ulikuwa karibu kugusa tai ya daktari. "Chukua, baba. Mara ya tatu nakuomba."

Na Daktari Bramwel Khaemba, mbele ya wanawake ishirini na wawili, aliiweka mikono yake nyuma ya mgongo.

Hapo Kanduyi watu wamewahi kuona wageni walevi, wageni wezi, hata mgeni aliyempiga mwenyeji wake. Mgeni wa kuikataa ya njia mara tatu hawakuwa wamemwona. Dinah alikuwa wa kwanza kuutazama mfuko wake. Aliutoa kifuani polepole, akaushika mbali na nguo, jinsi mtu anavyomshika mtoto aliyejichafua.

"Anasifu na hataki kugusa," Lenah alisema, si kwa sauti kubwa.

Mama Edah alisimama wima. Alitembea hadi nyuma ya choo, nzi wakapaa, akaukata utepe kwa meno akaumwaga mfuko wote shimoni. Uvundo ulipanda ukafika barazani. Kisha akaita, bila hasira, "Leteni. Na msifiche hata moja. Nelima, leta mafuta ya taa."

Walikuja mmoja mmoja. Wengine walimwaga kwa haraka, wengine kwa kusita, na mmoja alilia, maana alikuwa ameshalima na kuandaa matuta. Lenah alipopita karibu na Daktari aliziba pua wazi wazi, na kwa hakika haikuwa kwa ajili ya shimo. Nelima alimwaga mafuta akawasha. Viazi vibichi haviwaki vizuri. Vilitoa moshi mzito, vikapasuka, vikachuruzika, na ule moshi uliingia kwenye nywele na nguo na mate ya kila mtu aliyekuwa pale. Vilivyobaki walivifukia kwa udongo wa kina cha magoti mawili.

Jepchirchir alimfuata Nelima kwenye karai alikokuwa akinawa. "Wewe ndiye wa maabara?"

"Ndiye mimi."

"Kwa nini amekataa?"

Nelima alimweleza, kwa mara ya tatu wiki hiyo, na kila mara ilitoka chungu zaidi. Jepchirchir aliuliza kama visahani bado vipo. Vipo, Nelima alisema, kwenye jokofu, rafu ya chini. Jepchirchir akasema Jumatatu saa mbili atakuwa mlangoni, na daktari asiambiwe. Halafu akaenda akaketi garini, kiti cha mbele, akamwacha Khaemba aingie nyuma kwenye nafasi yote ile iliyojaa.

Jioni Mama Edah aliuliza swali moja tu. "Kwa udongo hii kuvu itakaa miaka ngapi?"

"Mingi, mama. Usipande viazi hapo. Tano, sita. Hata zaidi."

"Hata zaidi," Mama Edah alirudia. Alitazama ile robo ekari aliyoachiwa na marehemu mumewe, akaingia ndani kulala.

Jumapili asubuhi Nelima alifunga mkoba wake akaaga. Mama mkwe akamwambia akae kwanza. Aliingia jikoni akatoka na sahani iliyofunikwa kwa kawa, akaiweka mezani, akafunua. Vilikuwa viazi, vimemenywa, vimechemshwa, vinatoa mvuke, na chumvi pembeni.

Nelima aliutua mkoba wake chini. "Mama, hivi ni vya wapi?"

"Vya shamba. Nilitoa kabla ya kumwaga. Maganda nimechoma." Mama Edah alikaa mbele yake, mikono mapajani. "Si ulisema ni za kula?"

"Nilisema."

"Basi kula. Yule mama wa Kaptama alikupa wewe. Hakumpa Lenah, hakumpa Dinah, na mimi pia hakunipa. Alikufungia wewe, ukaona uchafu, ukaniletea."

Hakuwa amepaza sauti. Angepaza ingekuwa nafuu. Nelima alichukua kiazi cha kwanza akakichovya chumvi. Moshi wa jana ulikuwa bado kwenye nywele zake. Alitafuna, na mdomoni ilikuwa ileile harufu ya chini ya kitanda kule Tuwan, ya kisahani kilichofunuliwa, ya mashina yanayoteleza. Alikimeza kwa nguvu. Machozi yakamtoka kwa kukabwa. Cha pili kilikuwa kibaya zaidi, maana sasa alijua kinavyokuja.

Alipomaliza hicho aliegemea nyuma akafumba macho. Akasikia sahani ikiburuzwa mezani, ikisogezwa karibu yake.

"Bado tisa," mama mkwe alisema. "Nilihesabu kumi na moja."

Nelima alifumbua macho, akanyoosha mkono, akachukua cha tatu.